Dume Kwenye Jalada la Santuri

Miaka ile ya Ujamaa, mchoraji wa Bariadi nilikuwa mimi. Vibao vya maduka, kaulimbiu za kilimo cha pamba ukutani, vyote mkono wangu. Kwa hiyo rafiki yangu mpiga gitaa alipopata bahati ya kutolewa santuri, jalada nilichore mimi. Nani mwingine?

Mashabiki hawakumnyima usingizi. Aliyemnyima ni mzee mmoja wa Sola mwenye binti, ambaye alishasema binti yake haolewi na mtu wa kukwaruza waya. Jalada lilitakiwa limgeuze mpiga gitaa awe mtu wa maana, mzee abadili mawazo. Kazi ndogo tu.

Mwenyewe alitaka achorwe na suti na miwani ya jua. Ofisa utamaduni akataka achorwe na jembe. Nikawacheka wote wawili. Kwetu Usukumani mwanamume asiye na ng'ombe ni mtoto aliyeota ndevu, avae suti asivae. Nikamchora na ng'ombe. Ofisa nikamwambia ni wa kijiji, mali ya wote, akafurahi mno. Mashabiki tukawaachia waamini ni wake. Bwana yule hakuwa hata na mbuzi.

Sasa, huku kwetu ng'ombe wa kubuni hachoreki. Watu watamgundua kabla hawajashuka kwenye baiskeli. Nikaenda bwawani nikamchora dume halisi, wa tajiri mmoja wa pale mjini: mwekundu, paji jeupe, pembe moja imeinamia jicho. Loo, alitoka! Roho yangu yote niliiweka kwenye nundu. Rafiki yangu akabaki nyuma ya dume, kichwa na gitaa.

Santuri zilishuka na treni Malampaka, zikanunuliwa kweli. Watu waligeuza jalada huku na huku, wakauliza dume ni wa nani. Habari za wimbo hakuna aliyeuliza.

Moja rafiki yangu akaipeleka Sola, kwa mikono miwili, yeye na mshenga wake. Mzee hakuwa na gramafoni. Alilitazama jalada kwa muda mrefu.

"Mwanangu, nyimbo zako sijazisikia," akasema. "Ila dume huyu nimemwona. Mlete huyu huyu, binti ni wako."

Rafiki yangu akatoka mbio mpaka kwa tajiri mwenye dume. Mwenye akili angesema anatafuta dume wa mbegu. Yeye akamwaga yote: binti, mzee, Sola, hata mwendo wa binti nasikia aliueleza. Akaahidi kumlimia pamba mpaka tajiri mwenyewe aseme basi. Tajiri, mwenye wake wawili na nafasi ya wa tatu, alimsikiliza kwa upole, akaomba abaki na jalada. Kizuri chajiuza. Wiki ile ile dume akaswagwa kwenda Sola, tajiri mwenyewe akimfuata nyuma.

Binti nani alimuuliza? Usawa tuliuimba kila mkutano. Kwenye mahari usawa ulikuwa likizo.

Na bendi ya harusi? Ya rafiki yangu, bila shaka. Tajiri alikuwa mtu wa kuwainua wasanii. Bibi harusi alipopitishwa mbele ya bendi, macho chini, kidole cha rafiki yangu kilikosea waya. Kisha akaendelea kupiga mpaka jioni.

Tulipokuwa tukifunga vyombo nilimwambia santuri zimekwisha madukani, jalada linasifiwa kila mahali.

"Ungenichora mimi tu," akasema. "Yule binti alinikubali sina hata ng'ombe."