Dirisha la Etaji

Nyumba yetu ya Kibati ni ya mawe, ya shamba la kahawa la zamani, na ilikuwa na etaji moja, yaani ghorofa moja juu ya vyumba vya chini. Volkano ilipotapika, moto wake ukatiririka hadi kwetu, ukapoa na kuziba vyumba vyote vya chini. Dirisha la etaji likabaki sawa na ardhi. Baba aling'oa vioo vyake, likawa mlango. Mama hajakubali kuliita mlango. Hadi leo, tukitoka kwenda misa, ananiambia nifunge dirisha.

Sasa napandisha etaji nyingine. Fundi alitaka kuweka dirisha dogo, eti baridi isiingie. Nikamkatalia; volkano bado inafuka moshi. Akaniuliza, kwa hasira, basi nataka la kipimo gani.

"Mpime mama," nikamwambia, "akiwa amebeba godoro."