Kichupa cha Baba Mukwe

Siku yangu ya kwanza ku labo ya hospitali, pale Butembo, chef alinipokea na kisanduku cha kiberiti. Ndani mulikuwa choo ya mutu, imefungwa mu jani la mugomba.

"Kazi ndiyo hii," akasema. "Kama uko na kinyaa, sema sasa, mama."

Nikasema hapana, nikalifungua lile jani.

Miaka mingi tulitafuta minyoo na amiba ku mikroskopi. Nilipohamishiwa Beni, mu commune ya Beu, docteur directeur akatuletea kipimo kipya. Unachovya choo kidogo mu maji ya kichupa, unadondosha matone ku kikaseti cha plastiki chenye kadirisha. Mustari moja, hakuna damu. Mistari mbili, iko damu yenye jicho halioni, na mutu anaenda kuangaliwa utumbo mukubwa na kamera.

"Kansa ya utumbo inaanza kimya," alitufundisha. "Musingoje mutu aumwe."

Nilipima batu wengi. Ila baba mukwe wangu alikataa, na kaka yake alikuwa amekufa na ugonjwa ule ule. Ule muzee alinipenda sana, mi nikaogopa kumupoteza.

"Mama Muhindo," akaniambia, "muke ya mutoto yangu aone choo yangu? Hapana. Heri nikufe."

Sikubishana naye. Kwetu, mukwe hata kitanda cha mwenzake hakalii. Nikamupelekea kichupa na kikaseti nyumbani, nikamuonyesha namna ya kupima, uji wa muhogo ukiwa pahali pa choo. Kisha nikatoka inje, nikageuza uso ku barabara. Akafanya mwenyewe, akafunika vyote na kitambaa, akaacha wazi tu kale kadirisha ka kikaseti, akaniita.

"Donc, unaona nini?"

"Naona mistari mbili tu, Tata. Kingine sioni."

Akakubali kwenda hospitali, na kamera ilikuta mu utumbo wake kinyama kidogo chenye hakijageuka kansa, wakakikata palepale. Nililia mu korido.

Siku ya retraite yangu, nilipostaafu kazi, wenzangu waliimba, wakanivalisha kitenge. Baba mukwe, fimbo mukononi, alingoja wote batoke.

"Na weye, Mama Muhindo, ulijipimaka?"

Miaka yote ile nilishika choo ya batu, yangu sikuipima hata siku moja.

Kesho yake alinisindikiza. Kichupa chenye choo yangu nilikifunga mu kitambaa mara tatu, na haya ilikuwa imenijaa. Ku mulango wa labo akasimama, akageuza uso ku barabara.

"Ingia, mutoto yangu," akasema. "Mi sioni kitu."