Vipimo vya Usiku vya Tangi la Werugha

Nina kibanda cha kutengeneza simu Voi, karibu na soko. Kikundi cha wafugaji wa Werugha, kule milimani, kilinitafuta huko, kikitaka kisanduku cha kupima joto la tangi lao la maziwa na kutuma vipimo kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za mbali, ili mnunuzi avione akiwa mjini. Tulivutana bei siku mbili. Walinishinda, halafu wakanipa viazi vya kupeleka nyumbani ili nidhani nimeshinda mimi.

Sehemu ngumu sikuiandika. Kuna msimbo uliotengenezwa tayari, wenyewe huuita maktaba, unaojua kuongea na wingu. Unaukabidhi kipimo, nao unakituma. Mtandao ukikatika unakiweka kwenye kadi. Ukirudi, unatuma vyote kwa mpigo. Msimbo huo una nafasi ya kujaza saa ya kila kipimo, lakini si lazima. Ukiiacha wazi, wingu linaandika saa kipimo kilipofika. Niliiacha wazi. Kibandani kwangu mtandao haupotei, kwa hiyo kupimwa na kufika ni saa ileile. Nilikijaribu Voi, kikafanya kazi Voi.

Werugha mtandao huondoka na ukungu wa jioni, na hurudi asubuhi jua likishapanda. Wiki ya kwanza ilipoisha, mama anayetunza tangi alinipigia simu. Mkaguzi wa mnunuzi alikuwa amefika. Bila rekodi ya wiki nzima, lori la mnunuzi lingepita bila kupakia, na kituo kingefutwa kwenye njia yake. Maziwa kiasi kile hakuna mwingine wa kuyanunua huko juu.

Nikachukua bodaboda. Mkaguzi, mwanamke mtaratibu sana, akanigeuzia tableti yake. Kila siku saa nne asubuhi kulikuwa na lundo la vipimo, na usiku kucha hakuna hata kimoja.

“Fundi,” akasema, “maziwa yenu usiku huwa yanaenda wapi?”

Nikamweleza kosa langu, maana lilikuwa langu. Kisha nikafungua orodha. Kila kipimo nilikuwa nimekipa namba, kwa sababu tu sipendi kitu kisichohesabika. Kimoja kila dakika kumi. Wiki nzima ni elfu moja na vinane. Nikahesabu, nikapata mia tisa tisini na viwili.

“Hesabu tena,” mama akasema. “Sikuamka saa kumi kukamua ili wewe ukosee.”

Nikahesabu tena. Mia tisa tisini na vitatu. Vilipungua kumi na vitano, na mara tatu namba zilikuwa zimeanza upya kutoka moja. Hiyo ina maana moja tu: kuna mtu alizima kisanduku. Nikauliza ni nani.

“Ni mimi,” mama akasema. “Radi inanguruma, nikiache kiungue?”

Huku milimani radi ikianza watu huchomoa kila kitu, hata redio. Nami sikuuliza, maana Voi hakuna anayejisumbua. Lakini kituoni pale pana desturi: anayegusa swichi huandika saa ya kuzima na ya kuwasha, kwa kuwa maziwa ni ya wengi na lawama haina mwenyewe. Mama akaleta daftari. Dakika arobaini, saa moja, dakika hamsini. Jumla dakika mia na hamsini. Vipimo kumi na vitano, bila kuzidi wala kupungua.

Mkaguzi hakutikisika. Alisema daftari mtu anaweza kuliandika leo asubuhi. Nikaanza kupatana naye kama ninavyopatana na wauza vioo vya simu: sikumwomba aliamini daftari, nilimwomba achague siku yoyote ya kulijaribu. Akachagua Jumanne. Kipimo namba tisini na saba kilifika mtandao ukiwa hewani, saa nne na dakika kumi asubuhi, kwa hiyo saa yake ilikuwa ya kweli. Kutoka namba moja ni hatua tisini na sita za dakika kumi; akarudi nyuma saa kumi na sita, kwa vidole, bila kunitazama. Kipimo cha kwanza kilipaswa kuwa saa kumi na mbili na dakika kumi jioni.

Mama akafungua ukurasa wa Jumatatu, akaweka kidole. Kuwasha: saa kumi na mbili na dakika kumi.

Mkaguzi akajaribu siku nyingine mbili, zikakubali. Akatazama joto kabla na baada ya kila radi. Lilipanda kidogo, halikupita kiwango chao.

“Pakia,” akamwambia dereva wa lori. Kisha kwangu: “Na wewe ujaze hiyo saa.”

Niliijaza palepale, nimekaa juu ya mkebe wa maziwa, mstari mmoja tu wa msimbo. Pembeni yangu mpira ulikuwa ukivuta maziwa kutoka tangini kwenda kwenye lori, na mama alikuwa akimsimulia jirani, kwa sauti ya mimi kusikia, jinsi fundi wa Voi alivyosahau kwamba kuna usiku.

Nilishuka nyuma ya lori lile. Dereva wa bodaboda alitaka kulipita kwenye kila kona. Nikamwambia aliache litangulie, mimi sina haraka.