Meno ya Plastiki

Mimi nauza plastiki. Ndoo, mabeseni, madumu, vikombe vya kuogea: kama ni plastiki na ipo Kariakoo, basi imepita mikononi mwangu au imeniangukia kichwani. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna plastiki inayoota mdomoni mwa mtoto mchanga, nina haki ya kumuuliza ni ya rangi gani, na dazani inauzwaje.

Ujuzi huu sikuzaliwa nao. Niliupata kwenye masomo ya jioni, nikiwa na miaka thelathini na ushee na kitambi cha kutosha kujaza dawati la watu wawili. Mwalimu wa baiolojia alichora taya ubaoni, kubwa kama geti la ghala, akatuambia tuhesabiane meno. Mama mmoja muuza chapati, jirani yangu wa dawati, akanichungulia na kutangaza kwa sauti iliyofika Ilala: "Mwalimu, huyu chonge za chini hana!"

Darasa likacheka nusura bati ling'oke. Mwalimu hakucheka. Aliniambia nikamuulize mama yangu.

Mama alinijibu huku akichambua mchele. "Tulikutoa ya plastiki. Ulikuwa unaharisha."

"Mama, yale yalikuwa meno."

"Ndiyo. Ya plastiki."

Kesho yake mwalimu akatufafanulia. Mtoto wa miezi mitano ana meno tayari, ila yamelala ndani ya taya. Pale chonge inapojiandaa, ufizi huvimba na kuwa mweupe. Watu wakiuona weupe ule wanasema ndiyo plastiki, ndiyo inayoleta homa na kuhara, na wanachimba. Wanachokitoa ni jino changa, laini, na chombo kikizama zaidi kinaharibu hata jino la ukubwani lililo chini yake. Kuhara kunabaki palepale, sasa kuna na kidonda juu.

Hayo niliyajua kwa mtihani. Baadaye nikaja kuyajua kwa ngumi.

Dada yangu amepanga chumba mitaa ya nyuma ya Msimbazi. Mumewe ni dereva wa malori, siku hiyo alikuwa Tunduma au mbele zaidi, na mama mzazi wa huyo mume alikuwa amekuja kusaidia kulea mtoto, binti wa miezi mitano. Mtoto aliharisha siku tatu. Mimi nikasema hospitali. Mama mkwe wa dada akasema kwanza plastiki itolewe, maana mtoto mwenye plastiki akichomwa sindano anakufa hapohapo. Hilo hakulisema kwa ubishi. Alilisema kama mtu anayekuonya usishike waya wa umeme.

Saa nne asubuhi simu ikaita. Dada alikuwa analia.

"Kaka, nimetoka bafuni sijamkuta. Mama mkwe amempeleka kwa yule fundi wa meno wa mtaa wa pili. Mwanangu utosi umebonyea kama sahani!"

Niliacha mabeseni yajiuze. Nilikimbia Kariakoo ile ya saa nne, yenye mikokoteni, magunia na wamachinga, na naapa miguu yangu haikugusa lami zaidi ya mara sita. Nilimpita mtu aliyebeba godoro, akaniuliza kama kuna moto.

Uwani kwa fundi hakukuwa na kibao wala foleni. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mikono ya kupakua saruji, amekaa kwenye kigoda, amebana kichwa cha mtoto kati ya mapaja. Mkononi alishika spoku ya baiskeli iliyochongwa ncha. Mama mkwe wa dada ameshika miguu. Damu ilikuwa inatoka mdomoni mwa mtoto, inashuka kidevuni, inaingia kwenye kanga. Juu ya kifuniko cha ndoo kulikuwa na kitu cheupe mfano wa punje ya mchele.

"Moja tayari," alisema fundi. "Bado la huku."

Mtoto hakuwa analia tena. Alikuwa anakoroma.

"Shikamoo mama," nikasema, maana mdomo umezoea adabu, huku nikimpitishia mjukuu wake mkono chini ya mgongo.

"Marahaba," akajibu mama mkwe, naye kwa mazoea, kisha akanipiga kichwa cha pua.

Fundi akanichoma spoku kwenye mkono. Ilizama, ikabaki inaning'inia kama bendera. Nikapiga teke kigoda, yeye akaenda chali kwenye masufuria, mtoto akabaki kifuani kwangu. Hapo ndipo mama mkwe wa dada alipopaza sauti.

"Mwiziii! Anaiba mtoto!"

Kariakoo neno hilo halisubiri ushahidi. Geti lilijaa wabeba mizigo, nyuma yao fundi viatu na nyundo yake. Mimi nikapanua mdomo wote niwaambie ni mjomba wa mtoto. Nilifika kwenye "mjo", ngumi ikanikuta humohumo. Nikasikia kitu kinalia ko! karibu na sikio, na mdomo ukagoma kufunga. Taya lilikuwa limeteguka, limening'inia mbele kama droo iliyovutwa.

"Aa-o-a!" nikasema. Maana yake ilikuwa "mjomba".

"Hata Kiswahili hajui!" mmoja akapiga kelele. "Muueni!"

Nilijikunja juu ya yule mtoto kama kobe. Walinipiga mgongoni, mbavuni, shingoni. Kuna teke moja lilinionyesha Zanzibar bila boti. Udenda wangu ulichuruzika kwenye nywele za mtoto ukachanganyika na damu yake, na kitu pekee nilichokuwa nasikiliza ni kama bado anapumua.

Dada akafika akiwa na kanga moja, maji ya bafuni bado yanamtiririka. Alijitupa juu yetu. "Kaka yangu! Ni mjomba wake! Angalieni mdomo wa mwanangu!"

Waliangalia. Kisha wote wakamgeukia fundi wa meno kwa hasira ileile, wala haikuhitaji kupashwa moto upya. Kofi la kwanza lilimtoa hereni. Nyundo ikapanda juu. Mimi nilitaka kusema msimuue, ila herufi zote zilikuwa zimeanguka chini.

"Muacheni!" dada akafoka. "Nataka bajaji, sitaki maiti!"

Nyundo ilishuka taratibu.

Tulienda hospitali upande wa Upanga, mama mkwe naye akajipenyeza ndani ya bajaji bila kukaribishwa, akanikalia goti. Njia nzima alimwambia dada: "Wakimchoma sindano, wewe ndiye umemuua."

Daktari alinipita mimi na spoku yangu kama vile mimi ni pazia, akaenda kwa mtoto. Akafinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. "Ameishiwa maji," alisema. "Dripu, sasa hivi."

Nesi alipoisogeza sindano, mama mkwe alimdaka kifundo cha mkono akakivuta kwa nguvu zote, trei ikaruka. Na dada yangu, ambaye hajawahi hata kumtazama mama mkwe wake usoni, akamzaba kofi.

"Nisamehe mama," dada alisema. "Ukimshika tena nesi, naongeza."

Sindano ikaingia. Mama mkwe, bibi wa mtoto, akajifunika kanga usoni akakaa sakafuni, anasubiri msiba.

Huku nyuma daktari mwingine aliing'oa spoku, akajifunga bandeji vidole gumba, akavitia mdomoni mwangu juu ya magego, akakandamiza chini na kusukuma nyuma kama anafunga buti la gari lililojaa. Nililia kwa lugha zote nilizofeli. Taya likarudi.

Saa zilipita. Alasiri mtoto akalia, kilio cha hasira kabisa. Bibi akafunua kanga. Akanyanyuka, akampitishia mjukuu wake kidole chini ya jicho, akakitazama kile kidole.

"Machozi," alisema. "Asubuhi hakuwa nayo."

Daktari akamulika tochi ufizi uliochimbwa. Kidonda kitafunga, alituambia. Jino la upande ule limekwenda, na la ukubwani tutajua miaka ijayo kama limepona au nalo limeumia.

Bibi alisikiliza kwa makini, shavu lake bado lina alama za vidole.

"Na hili la upande wa pili, daktari," akauliza kwa sauti ya chini, "mtalitoa nyie wenyewe?"

"Litatoka lenyewe, mama. Litakuja kukung'ata."

Bibi akafungua mdomo aongeze neno. Dada akainua mkono, akauacha palepale hewani.

"Nimeuliza tu," bibi akasema.