Kisiwa cha Theluji na Shikamoo ya Mtani Wangu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiumba hewa tunayoivuta akaficha ndani yake njia za sauti zisizoonekana kwa macho, kisha akamwachia mja wake wa Handeni masikio mazima hata baada ya magoti kuchoka. Nimemshukuru kwa mvua na nimemshukuru kwa kiangazi. Leo namshukuru kwa waya wa shaba uliofungwa kati ya mti wa msaji na nguzo ya tangi la maji nyuma ya nyumba yangu, maana kwa waya huo nimecheka uzeeni kuliko nilivyocheka ujanani.

Mimi ni mwalimu wa madrasa. Redio niliipata kwa kuambukizwa, kama mtu anavyoambukizwa mafua. Aliyeniambukiza ni mtani wangu, Msambaa wa Korogwe, aliyekuwa fundi wa simu za waya mpaka simu za waya zikaisha na yeye akabaki na koleo mkononi. Alinishawishi tusome, tufanye mtihani wa Serikali, tupate leseni ya kuzungumza na dunia kwa redio. Si redio ya kutangaza wala ya biashara. Ni ya watu wanaopenda tu. Unaita hewani, mtu wa mbali anakuitikia, unamtajia jina lako la hewani ambalo ni herufi na namba, kisha kila mmoja anamwambia mwenzake kwa namba jinsi anavyomsikia. Mkishapeana namba, mmekutana. Msipopeana, hata kama mmeongea mpaka mate yamekauka, hamkukutana.

Watu wa nchi mbalimbali hutoa vyeti kwa anayewapata wenzao hewani. Sisi tulikitamani cheti cha Japani. Nchi ile imegawanywa maeneo kumi, na ukipata mtu katika kila eneo unaomba cheti. Kwa rehema za Mungu tuliyapata tisa, mimi na Msambaa, kila mtu kwake. Likabaki moja, lilelile kwa wote wawili: kile kisiwa kikubwa cha kaskazini chenye theluji.

Siku hiyo alikuja kwangu kula kuku. Alikuwa ameshika paja.

"Mzigua," akasema, "kisiwa kile nitakipata kabla yako. Nakuambia mapema usije ukazimia mbele ya wanafunzi."

"Wewe umeteremka mlimani juzi tu. Hata joto la Korogwe hujalizoea, utawezana na theluji?"

"Mlimani kwetu kuna baridi. Theluji ni shemeji yangu. Tuwekeane!"

"Kamari ni haramu."

"Nani ametaja pesa? Atakayechelewa atampa mwenzake shikamoo. Mwaka mzima, kila wanapokutana, mbele za watu."

Mke wangu, aliyekuwa anaongeza mchuzi, alicheka mpaka akaweka chini upawa.

Msomaji asidhani jambo lilikuwa dogo. Nimemzidi Msambaa yule masika moja, na hajawahi kunipa shikamoo hata siku moja. Mtani hapewi heshima, hupewa maneno. Mwaka mmoja nilipougua, alikuja kunijulia hali, akatoa kipande cha waya mfukoni, akanipima kuanzia utosini hadi nyayoni, akawaambia wanangu, "Chimbeni fupi, huyu hana urefu." Nikapona kwa hasira. Sasa nimpe shikamoo mtu huyo? Mimi, ambaye watoto wa nusu ya mtaa wananishika mkono wakitoka darasani? Nikawaza kama dini inaniruhusu. Nikaona hakuna mali inayopotea ila heshima, na heshima yenyewe ni yangu. Nikakubali.

Hapo ndipo tabia yangu ilipoanza kuniponza.

Sisi watu wa huku hatuwezi kumkuta mtu tukamtajia namba. Ukimkuta mtu njiani Misima utamuuliza ameamkaje, nyumbani hawajambo, watoto, mashamba yakoje, mbuzi wanazaa, yule mgonjwa wenu anaendeleaje. Ukishamaliza ndipo unasema kilichokuleta. Asiyesalimu hivyo tunasema hakulelewa. Basi mimi hewani nilikuwa hivyohivyo, kwa Kiingereza changu cha shule. Mtu wa Japani ananiitikia, wenzake kundi zima wamepanga foleni nyuma yake, namba zinaruka kama bisi kwenye sufuria, mimi namuuliza kama mvua zimenyesha. Kuna aliyenijibu mara tatu namba yake, akidhani simsikii. Namsikia vizuri sana. Nilikuwa bado sijafika kwa watoto.

Mara mbili nilikisikia kisiwa cha theluji, na mara zote mbili mawimbi yalizama nikiwa katikati ya salamu. Sauti za redio huja na kuondoka, kama mawingu ya Novemba. Mara ya pili mawimbi yalizama nikiwa nimefika kwenye mifugo.

"Mzee wangu," mke wangu akaniambia, "watu wanataka namba, wewe unawauliza mbuzi."

"Mama, nitamwambiaje mtu namba sijui kama amelala salama?"

"Basi jiandae. Shikamoo ya Msambaa si utaitoa wewe?"

Yeye naye alikuwa na lake. Ule waya wangu aliugeuza kamba ya kuanikia. Nikisikia Japani imefifia, natoka nje nakuta vitenge vimepangana kuanzia kwenye msaji hadi kwenye tangi, na shuka la kitanda katikati. Nikilalamika ananijibu kwamba waya unaozungumza na dunia nzima hauwezi kushindwa na shuka moja.

Jioni ya siku yenyewe tulikuwa tumeshaswali alasiri. Nimekaa mbele ya redio, betri ya gari chini ya meza, dirisha wazi. Mke wangu yuko uani anaanua nguo. Nikamsikia. Mzee, sauti nyembamba, taratibu, anaita bila haraka. Kisiwa cha theluji. Nikataja jina langu la hewani. Akaniitikia mara moja, akanipa namba yake safi kabisa. Kilichobaki ni mimi kumpa yangu. Namba mbili tu.

Nikafungua mdomo. Wallahi nilikusudia namba. Ulimi ukatoa, "Good evening, my brother. How is your home?"

"Mpe namba!" mke wangu akapiga kelele kutoka uani.

Nikadhani nimemkwaza. Kisha yule mzee akaanza kunijibu, polepole, kwa Kiingereza kama changu. Nyumbani hawajambo. Mkewe anaumwa goti. Theluji imeziba mlango, mwanawe amekuja kuizoa.

"Pole sana," nikamwambia kwa Kiswahili, maana Kiingereza hakina pole, kisha nikarudi kwenye Kiingereza. "Na mifugo?"

"Namba! Namba we mzee!" Mke wangu sasa alikuwa dirishani, shuka begani.

Hana ng'ombe, akasema. Ana paka mmoja, mzee, naye siku hizi hali vizuri. Hapo mawimbi yakaanza kuteremka. Nikasikia "paka", nikasikia "maziwa", nikasikia upepo. Basi. Nikaitaja namba yangu kwa sauti ambayo majirani waliisikia vizuri kuliko Japani. Hakuna jibu.

Ndipo ilipoingia, kwa mbali, kama ya mtu aliye kisimani, sauti ya Korogwe. Msambaa alikuwa amesikiliza yote. Kwanza alicheka. Halafu akasema kwa Kiswahili, "Mzigua, paka amekutoa roho. Anza kufanya mazoezi ya kuinama." Kisha akageuka mtu mwingine kabisa, sauti ya ofisini, akaanza kumwita mzee wa kisiwani kwa jina la hewani tu, hana salamu, hana goti, hana chochote.

Mke wangu akaketi kwenye kigoda akaweka shuka mapajani. Mimi nikasema alhamdulillah, maana hakuna hali isiyostahili shukrani, ila siku ile niliisema kwa meno yaliyokazwa.

Mawimbi yakarudi. Yule mzee akamsikia Msambaa. Nami nikasikia jibu lake wazi kama anaongea kutoka jikoni kwetu: Korogwe, tafadhali subiri kidogo. Yule mzee aliyeniuliza habari za nyumbani bado sijamaliza kumjibu. Akaniita mimi. Akasema paka anakunywa maziwa lakini samaki amekataa. Akauliza, kwangu je, hawajambo?

"Hatujambo," nikasema, "and your number is five and nine!" Namba mbili zile nilizisema mara nne mfululizo, zisije zikazama tena. Akazipokea. Akanishukuru. Mke wangu alipiga vigelegele vya harusi, na kuku wote wakakimbilia chini ya tangi.

Msambaa naye alipata yake papo hapo baada yangu, kwa hiyo cheti tulipata wote wawili. Lakini alikuwa wa pili, na wa pili ndiye anayetoa shikamoo.

Hapa ningeweza kuweka kalamu chini nikiwa mshindi. Ila Mungu akitaka kumfundisha mtu unyenyekevu, wakati mwingine humpa alichokiomba.

Msambaa alikuja kwa basi la asubuhi. Nilikwenda kumpokea stendi; aliteremka amevaa kanzu, akainama mpaka kofia ikaanguka, akapaza sauti, "Shikamoo babu!" Watu wakageuka. Nikaitikia marahaba, moyo mkunjufu. Akaniamkia tena mbele ya muuza machungwa. Tena mbele ya baraza la Mhindi wa duka la vifaa. Tena mlangoni kwangu, tena akishanawa, tena kabla ya kumeza. Salamu ni lazima iitikiwe, tena kwa uzuri kuliko ilivyotolewa, ndivyo ninavyowafundisha watoto. Kwa hiyo naitikia. Kuku wangu alipoa.

Alipoondoka nikapumua. Kesho yake bodaboda akasimama mlangoni.

"Mzee, nimetumwa kutoka Korogwe."

"Umeleta nini?"

"Shikamoo."

"Na nini kingine?"

"Hakuna kingine, mzee. Nimeambiwa nisiondoke bila marahaba."

Nilikuwa Misima msibani, nikaletewa. Nilipita Kabuku kwenda kumwona binti yangu, basi likasimama, mama wa mahindi ya kuchoma akachungulia dirishani akauliza, "Wewe ndiye mzee wa Handeni mwenye waya? Kuna shikamoo yako imeachwa hapa." Basi zima likanitazama nikiitikia salamu ya mtu asiyekuwepo. Shemeji zake wa Mkumbara, watu ambao sijawahi kuwaona, walinipigia simu kwa zamu.

Nikaona yatosha. Nikapanda basi mwenyewe mpaka Korogwe, nikamkuta anachezea nyaya kibarazani.

"Msambaa, nimekusamehe. Acha."

"Shikamoo. Haiwezekani. Ahadi ni ahadi, na wewe ni mwalimu wa dini, usinifundishe kuvunja ahadi."

"Nakuomba."

"Mwaka haujaisha, babu. Shikamoo."

"Marahaba," nikasema, na mkewe alikuwa ndani anagonga sufuria kwa kicheko.

Cheti kilifika wakati huo. Kizuri, kina maandishi yao yanayoteremka kama mvua. Mke wangu alikitundika sebuleni mahali ukuta ulipopasuka. Wageni wengine, wasioweza kusoma maandishi hayo, hunipongeza kwa ufugaji bora.

Lakini jambo ninalolikumbuka zaidi lilitokea jioni moja baadaye. Yule mzee wa kisiwani alikuwa ameshazoea kuniita, si kwa ajili ya namba tena, bali kunieleza habari za paka. Msambaa alikuwa kama kawaida anaingilia kati kuniamkia hewani. Mzee wa Japani akauliza neno hilo linalotoka Korogwe kila siku ni nini. Nikamweleza: ni heshima ambayo mdogo humpa mkubwa. Akafikiri, akauliza umri wangu. Nikamtajia. Akataja wake.

Alikuwa ametuzidi wote wawili, tena kwa mbali.

Nilikumbuka jinsi nilivyohangaika nisiitamke salamu ile, na jinsi mke wangu alivyopiga kelele dirishani ili nisalimike nayo. Nikavua kofia, ingawa haonekani mtu redioni. Nikainama mbele ya meza.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia yule mtu wa theluji. Nikamfundisha kuitikia. Akajaribu, akakosea, akajaribu tena, na ilipotoka marahaba yake kutoka upande ule wa dunia, niliisikia tamu kuliko cheti.

"Umeona ladha yake?" Korogwe ikasema kwa mbali. "Shikamoo wazee wote wawili!"

Tukaitikia kwa pamoja, Handeni na kisiwa cha theluji.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akulinde wewe na wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo, na mifugo yako hata kama ni paka mmoja. Akupe mtani wa kukuchekesha ukiugua, na kila salamu unayoituma imfikie mwenyewe, irudi kwako na heri. Amina.