Mideva, fundi anayeondoa ukungu barabarani

Saa tatu asubuhi, mtaani Shirere, viungani mwa mji wa Kakamega. Milcah Mideva anamkalisha mwanafunzi wa chuo kwenye kiti cha gari kilichofungwa juu ya fremu ya chuma, mbele ya usukani na pedali tatu. Kabla ya kumvisha miwani ya VR, ile inayofunika macho na kumwonyesha mtu mchezo kana kwamba yumo ndani yake, anaweka rula ndogo juu ya pua yake na kupima umbali kati ya mboni za macho.

"Tazama sikio langu," anamwambia. "Usicheke, rula inatingishika."

Mwanafunzi anacheka. Mideva anasubiri, anapima tena, kisha anasogeza vioo vilivyo ndani ya ile miwani mpaka vikae sawa na macho ya kijana. Anapandisha mkanda wa nyuma kidogo na kumwomba asome nambari za dashibodi. Akishazisoma bila kufinya macho, ndipo anaruhusiwa kuondoa gari.

Chumba hiki cha mbio za magari za kompyuta ndicho kinachomlisha. Wateja hulipa shilingi mia moja na hamsini kwa robo saa, na wengi huja wakilalamika kwamba walipojaribu kwingine barabara ilikuwa na ukungu na kichwa kiliwauma.

"Watu wanafikirianga shida ni mashine," anasema. "Mara nyingi ni vioo havijakaa sawa na macho, ama ni mafuta ya vidole. Mimi nafuta kwanza. Mipangilio ya kompyuta naigusa mwisho."

Mideva, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, ni mzaliwa wa Iguhu. Hakusomea kompyuta. Alitoka shule ya upili akaajiriwa katika duka la miwani la Mzee Ismael, mfanyabiashara kutoka Mumias aliyekuwa na chumba kimoja mjini Kakamega. Alianza kwa kufagia, akaishia kukata vioo na kuvitia kwenye fremu.

Akilizungumzia duka hilo, sauti yake hushuka. Anakumbuka harufu ya vumbi la vioo, redio iliyokaa juu ya kabati, na wanawake wazee kutoka mashambani waliovaa miwani mipya wakatoka hadi mlangoni, wakasimama tu wakitazama watu wakipita.

"Mzee Ismael alikuwa ananiambia, usimuulize mteja kama anaona vizuri. Atakuambia ndiyo ili asikuudhi. Muulize anaona nini."

Ismael alipozeeka alifunga duka na kurudi kwao Mumias. Mideva alikaa nyumbani muda mrefu bila kazi. Mpwa wake, Mitchel, anayesomea kompyuta chuoni, ndiye aliyemwomba siku moja amtazamie miwani ya VR aliyoinunua ikiwa imetumika. Picha ilikuwa na ukungu na hakujua kwa nini. Mideva aliigeuza, akaona vioo, akahisi kama amerudi kazini. Wakaungana, wakafungua chumba.

Mwaka jana, mwanamke aitwaye Awinja alimleta hapo baba yake, Mzee Osundwa wa Matungu. Mzee huyo alikuwa ameendesha lori la miwa kwa zaidi ya miaka thelathini, kutoka mashambani hadi kiwandani. Kisha akapata presha ya macho. Daktari alimkataza kuendesha gari, na familia ikauza lori.

"Baba alikuwa haongei tena," Awinja anasimulia. "Anakaa nje akisikiliza magari barabarani. Anakuambia hilo gia imeingia vibaya, hilo limebeba mzigo. Nilimuuliza daktari kama anaweza kujaribu hii kitu. Akasema kwa muda mfupi, sawa."

Jaribio la kwanza lilikwenda vibaya. Osundwa alivishwa VR juu ya miwani yake mwenyewe, akawekewa barabara ya vumbi. Alifika kona ya pili, akaanza kutoka jasho na kichefuchefu kikamshika. Akaivua.

"Binti, hii si barabara," alimwambia Mideva. "Hii ni moshi."

Aliomba kupelekwa nyumbani. Awinja alimshika mkono, na mlangoni mzee akajigonga bega kwenye fremu ya mlango kwa sababu hakuiona. Mideva anasema hilo ndilo lililomuuma.

Siku chache baadaye alimfuata Matungu. Hakumuuliza kama alikuwa ameona vizuri. Alimuuliza alichokuwa ameona. Mzee akaeleza: mbele palikuwa afadhali, lakini kila alipotazama dashibodi, nambari zilivurugika, na barabara ilikuwa ikirukaruka.

Mideva akaelewa. Miwani ya mzee ina sehemu mbili, ya juu ya kuona mbali na ya chini ya kusomea. Dashibodi ya mchezo huonekana kama iko karibu, hivyo jicho lilishukia sehemu ya kusomea. Lakini vioo vya VR huonyesha kila kitu kana kwamba kiko mita kama mbili mbele ya mtu, na kwa umbali huo sehemu ya kusomea huvuruga picha.

Katika sanduku alilopewa na Ismael wakati wa kuagana, bado kulikuwa na vioo. Alikata viwili vya kuona mbali kwa kipimo cha mzee, akavitia kwenye viduara vya plastiki vinavyoingia ndani ya VR. Kisha yeye na Mitchel wakakaa kwenye kompyuta. Waliongeza ukali wa picha, lakini mashine ikalemewa na picha ikazidi kuruka. Wakaondoa vivuli, nyasi za mbali na watazamaji wa kando ya barabara, mpaka picha ikatulia. Mwisho wakainua kiti ndani ya mchezo, kwa sababu dereva wa lori hukaa juu.

Osundwa alirudi shingo upande. Alivishwa, akashika usukani.

"Unaona nini, mzee?" Mideva akamuuliza.

"Naona changarawe," akasema. "Naona mahali maji yamekula barabara."

Aliendesha polepole. Wanafunzi waliokuwa wakingoja zamu walidhani atapiga mbio, lakini yeye alishika upande wake, akapunguza mwendo kwenye kona, kisha akasimamisha gari kando na kutazama tu. Hakuna aliyemharakisha. Alipovua, macho yalikuwa yamelowa, akasema ni jasho.

Siku hizi huja kila Jumamosi, na sasa kuna mradi. Mchezo unaruhusu watu kuchora barabara zao, na Mitchel anachora ile ya zamani ya Matungu, kutoka mashambani hadi lango la kiwanda. Osundwa hukaa kando yake akielekeza: daraja lilikuwa jembamba kuliko hapo, miti ya mikaratusi ilikuwa kushoto, hapa palikuwa panateleza kila mvua ikinyesha.

Daktari amewaambia kwamba uwezo wa mzee kuona pembeni unaendelea kupungua. Mideva anataka barabara hiyo ikamilike kabla ya mwaka kwisha. Baadaye anatumaini kubeba kiti na usukani hadi Likuyani na kwingine, kwa madereva wa zamani wasioweza tena kuendesha.

Wiki iliyopita mzee aliuliza kwa nini barabara ni kimya hivyo. Mbona hakuna watoto? Enzi zake walikimbia nyuma ya lori na kuchomoa miwa, naye alipunguza mwendo kimakusudi, akijifanya hawaoni.

Mitchel alieleza kwamba watu wanaotembea ni mzigo mkubwa kwa kompyuta. Wakiwekwa, picha itaanza tena kuruka.

Mideva alivuta kiti, akaketi mbele ya skrini.

"Ondoa mawingu," akamwambia mpwa wake. "Na ile milima ya mbali, itoe pia. Watoto waweke."