Mwanangu Hakuwa na Namba

Uvumilivu uliniisha miaka ile ya sabini, karani wa Mbeya aliponiambia, "Dada, mtoto wako hana namba."

Fomu ya vizazi ilikubali namba tatu tu za mahali pa kuzaliwa: moja hospitali, mbili zahanati, tatu nyumbani. Mimi nilijifungulia ndani ya basi, barabarani pale Nyololo.

"Basi andika nne, njiani!"

"Mashine ya kusoma fomu kule Dar es Salaam itaikataa. Atakosa cheti."

"Mjinga gani alitunga orodha hii?"

Karani akageuza karatasi ya orodha, akasoma kwa sauti jina la mtungaji: "Bi Atuganile, Iringa." Akalitazama jina langu kwenye fomu. "Si wewe huyu?"

Foleni nzima ikacheka. Ndimi niliyeitunga, enzi zile tamu za ukarani wangu Iringa, wasichana wawili na taipu moja, tukiamini kila mtoto huzaliwa penye kuta.

Malalamiko rasmi niliyaandika hata hivyo: "Ongezeni namba nne, njiani. Aliyeisahau ni mimi."